Mchawi na Mpelelezi (2): Kamera haijui "eti"

Wiki iliyopita tulimwacha mbwa wa Baskerville, katika hadithi ya Sherlock Holmes, amelala chini, risasi mwilini, na Dakta Watson akiugusa mdomo wa mnyama yule na kuona vidole vyake mwenyewe vinang'aa gizani. Laana ya ukoo iliyowatisha watu vizazi kwa vizazi ikaonekana kuwa ni fosforasi, na fosforasi ile ilikuwa na mwenyewe: mtu aliyetaka kurithi. Leo tunamgeukia mchawi. Kumpaka mbwa dawa ni kazi ya usiku mmoja. Mchawi ni mtu, ana jina na ana majirani, na majirani wenyewe wanaapa kwamba wamemwona. Hadithi ya upelelezi inamfanyaje mtu kama huyo?

Kanuni ya padri

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliandika kanuni kumi za utunzi huo. Ya pili inakataza nguvu zisizo za kawaida: majini, mizuka na uchawi marufuku kuwa jibu la fumbo. Aliyesema hivyo hakuwa mtu wa kubeza mambo ya ghaibu, maana kazi yake ilikuwa madhabahuni. Alichokuwa akilinda ni haki ya msomaji. Hadithi ya upelelezi ni ndugu wa kitendawili: anayetega lazima awe na jibu ambalo anayetegewa angeweza kulifikia kwa kufikiri. Ukishasema muuaji alipenya ukutani kwa kuwa ni jini, basi mlango uliokomewa, alama za viatu na saa iliyosimama havina kazi tena. Umemtega mtu, kisha unamdai mji kwa kitendawili kisicho na jibu.

Mwaka uliofuata, 1930, watunzi wa Uingereza waliunda chama chao London, kiitwacho Detection Club, na G. K. Chesterton akawa rais wake wa kwanza. Aliyejiunga aliapishwa kwamba mpelelezi wake atafumbua mambo kwa akili, si kwa ufunuo wala kwa kubahatisha.

Lakini tuisome kanuni vizuri. Haikumfukuza mchawi hadithini. Ilimzuia kuwa jibu tu, na kuwa swali anaruhusiwa. Watunzi wajanja waliliona pengo hilo na kulitumia: wakamweka mchawi mbele kama pazia, na nyuma ya pazia wakamficha mtu.

Nyumba ya mabibi watatu

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni The Pale Horse ya Agatha Christie, mmoja wa wanachama wa chama kile, iliyotoka mwaka 1961. Jina lake linatokana na farasi anayepandwa na Mauti katika Ufunuo wa Yohana. Ambaye hajaisoma anisamehe, kwa sababu bila kulifungua fumbo lake siwezi kueleza ninachotaka.

Katika kijiji cha Much Deeping kuna nyumba ambayo zamani ilikuwa ya wageni. Sasa wanaishi humo wanawake watatu. Thyrza Grey amesoma mambo ya uchawi vitabuni. Sybil Stamfordis ni mtu wa kupandisha roho. Wa tatu, Bella, ni mpishi, na kijijini anajulikana kuwa uchawi kwao ni wa kurithi. Mwenye ndugu tajiri asiyetaka kufa haraka huelekezwa kwanza Birmingham, kwa mwanasheria aliyefukuzwa katika kazi hiyo. Mwanasheria hataji neno kuua. Anacheza kamari: mteja anaweka dau kwamba ndugu yake atakuwa hai kufikia tarehe fulani, naye anaweka dau kwamba atakuwa amekufa. Kisha mteja anakwenda kwa wale mabibi na kitu cha yule ndugu, kama vile glavu. Jogoo mweupe anachinjwa, roho inapandishwa, maneno yanasemwa. Baada ya muda ndugu anaugua na kufa, daktari anaandika ugonjwa wa kawaida, na mteja analipa deni la kamari.

Msomaji wa Kiswahili akifika hapo hahitaji mkalimani. Jogoo mweupe, kitu cha mwilini, mteja mwenye haraka ya urithi: vyote hivyo tunavijua.

Christie anampa msomaji dalili moja tangu kurasa za mwanzo. Wasichana wawili wanapigana mkahawani, mmoja anang'olewa nywele nyingi hadi mizizi, lakini anasema hakusikia maumivu. Siku chache baadaye amekufa. Baadaye inajulikana kwamba na wengine waliokufa walikuwa wakinyonyoka nywele. Uchawi haunyonyoi nywele za watu wote kwa namna moja. Sumu hunyonyoa. Sumu yenyewe ni thaliamu, madini ambayo wakati ule yalitumika kuulia panya. Kabla ya kila kifo mwanamke mmoja alipita nyumbani kwa mlengwa akifanya utafiti wa biashara, akiuliza unatumia sabuni gani, vipodozi gani, dawa gani. Akishaondoka alikuja mtu mwingine kwa kisingizio chake, akabadilisha kimoja kati ya vitu hivyo kwa kilichotiwa sumu. Kinara wa mpango wote ni mfamasia, mtu mpole aliyejipeleka mwenyewe kwa polisi kama shahidi. Mabibi watatu hawakuua mtu. Kazi yao ilikuwa kufanya kila mtu atazame upande wao.

Christie hakuokota habari hizo njiani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay, akajifunza kuchanganya dawa na kupima sumu. Kwa hiyo alizijua sumu kama mpishi anavyoijua chumvi.

Uhakika wa maelezo yake ulithibitika pasipotarajiwa. Mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufariki, mtoto wa miezi 19 alisafirishwa kutoka Qatar hadi hospitali moja ya London akiwa mahututi, na madaktari hawakuelewa anaugua nini. Muuguzi wa zamu alikuwa akisoma The Pale Horse. Aliziona dalili za mtoto, akaona nywele zinavyopukutika, akasema huenda ni thaliamu. Vipimo vikaonyesha ndiyo. Chanzo kilikuwa dawa ya kuulia mende na panya iliyotumika nyumbani kwao. Mtoto akatibiwa, akapata nafuu. Lau wote waliokuwa pale wangetosheka kusema mtoto amekumbwa na jicho baya, asingepona.

Bwana Msa na Giningi

Mwaka mmoja tu kabla ya kitabu hicho cha Christie, yaani 1960, hapa kwetu kilitoka Mzimu wa Watu wa Kale. Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, na alikuwa mhariri wa magazeti. Mswada wake ndio uliokuwa umeshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958. Humo ndimo Waswahili walimokutana kwa mara ya kwanza na Bwana Msa, mpelelezi wa kujitegemea, kiko mdomoni, na rafiki yake Najum pembeni. Undugu wake na Sherlock Holmes hauhitaji shahidi.

Kinachopendeza ni mahali alipokiweka kifo. Maiti ya tajiri inakutwa mzimuni, pale watu wanapopeleka ubani na nadhiri zao. Mtunzi anaijua hofu ya wasomaji wake na anaanzia hapohapo. Watu wa kawaida wangefunga kesi asubuhi ileile: wenye mzimu wamekasirika, basi. Bwana Msa anawasha kiko chake na kuuliza nani alikuwa wapi.

Miaka minane baadaye, mwaka 1968, akaja na Kisima cha Giningi. Giningi, kwa simulizi za Visiwani, ndiko makao ya wachawi wanakokutania usiku. Mwaka huohuo Samuel Mushi alitoa Makbeth, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, na wachawi watatu wa Uskochi wakaanza kusema Kiswahili. Nao ukiwachunguza utaona hawamuui mfalme. Wanatabiri tu. Kisu kimeshikwa na Makbeth mwenyewe, tena kwa kuhimizwa na mkewe.

Kamera inapoingia

Katika vitabu vyote hivi mchawi huingia kwa mlango wa neno moja dogo: eti. Eti bibi huyu ameonekana akiruka na ungo. Eti aligeuka paka. Lugha yetu inalo neno la kubeba habari bila kuidhamini, na mtunzi anaweza kulitandaza kurasa 100 bila ya yeye mwenyewe kusema ndiyo wala hapana. Msomaji anasikia maneno ya kijiji, huku akijua kwamba ni maneno ya kijiji.

Kamera haijui eti. Ikimwonyesha bibi amekaa kwenye ungo angani, basi amekaa kwenye ungo angani. Mtazamaji amemwona kwa macho yake. Ushuhuda wa jirani umegeuka kuwa ushuhuda wake.

Hapa ndipo filamu nyingi zilipopotelea. Mwaka 1992 Nigeria ilitoa Living in Bondage, kisa cha mume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, kisha mzuka wa mke ukamwandama. Mkanda ule uliuzwa sana, ukafungua njia ya tasnia nzima, na njia ile ikapita hadi kwenye vibanda umiza vyetu. Filamu zetu zikafuata: ungo, msukule, chuma ulete, babu mwenye tunguri. Kibiashara inaeleweka, kwa sababu mchawi ni taharuki ya bei nafuu. Unahitaji moshi, kaniki na taa nyekundu. Mpelelezi ana gharama. Yeye anataka mwandishi aliyekaa chini akapanga dalili moja baada ya nyingine.

Hata Waingereza hawakusalimika. The Pale Horse imefanywa filamu ya televisheni mara tatu. Ya 1997 ilifuata njia ya upelelezi. Ya 2010 ilimwingiza Miss Marple, ambaye kitabuni hayumo, kwa sababu watazamaji wa mfululizo hupenda sura waliyoizoea. Ya 2020, ya BBC, ilimalizika bila kuufunga kabisa mlango wa uchawi. Kadiri miaka ilivyokwenda, pazia likawa zito kuliko mtu aliyejificha nyuma yake.

Haina maana kwamba kamera haifundishiki. Mwaka 1950 Akira Kurosawa wa Japani alitengeneza Rashomon. Mtu ameuawa msituni, na mashahidi wanaeleza mmoja baada ya mwingine. Hata marehemu anatoa ushahidi wake kupitia kwa mwanamke anayepandisha roho. Kamera inaonyesha kila ushahidi kana kwamba ni kweli, lakini hakuna unaolingana na mwenzake, na mtazamaji anaanza kuyatilia shaka macho yake. Kurosawa aliifundisha kamera kusema eti.

Macho mekundu

Kuna atakayesema hizi ni hadithi tu. Naomba tukumbushane jambo ambalo si hadithi. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa panga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa miaka 50 ya kupulizia moto wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Huko Kilifi, Kenya, wazee wenye mvi wametuhumiwa na kuuawa, na mara nyingi nyuma ya tuhuma palikuwa na ugomvi wa shamba. Sheria za uchawi, ya Kenya ya 1925 na ya Tanganyika ya 1928, zilifanya kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi kuwe kosa lenyewe. Bado panga halikuisoma sheria.

Linganisha shamba la Kilifi na kamari ya Birmingham. Pale ambapo watu wote wamekubaliana kutamka uchawi, mrithi hukaa kimya, akisubiri. Hadithi nzuri ya upelelezi humfundisha msomaji kumtafuta huyo aliyekaa kimya, na filamu inayomwonyesha bibi kizee mwenye macho mekundu akiruka na ungo humfundisha kijana kuacha kutafuta.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika filamu, wekeni uchawi, maana bila huo hamtakuwa mmeandika juu ya watu wetu. Ila kabla hamjampandisha bibi kwenye ungo, mtafuteni kwanza anayelitaka shamba lake.

Wiki ijayo tutawafuata wapelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa.