Wapima macho vijana: duka la mjini au kijiji cha Koni?

Koni inajulikana kwa umeme. Kituo cha SNEL kwenye mto Lufira, katika eneo la Likasi, Haut-Katanga, kilijengwa kutoa megawati 42. Lakini mwalimu wa huko mwenye miaka 45, ambaye herufi zimeanza kumkimbia, mara nyingi hujipimia mwenyewe sokoni: anavaa miwani moja, anaitoa, anavaa nyingine, mpaka mojawapo ikubali.

Kumpima vizuri ni kazi ya mtaalamu wa optometria. Yeye hapasui. Anapima uwezo wa kuona, anaandika namba za miwani, na akiona dalili za mtoto wa jicho au presha ya jicho, anamtuma mgonjwa kwa munganga wa macho. Kijana anayeanza kazi hutumia nguvu nyingi kueleza tofauti hiyo, maana watu humwita munganga na kumuomba dawa ya matone.

Fani yenyewe bado changa katika kanda yetu. Chuo cha Masinde Muliro, Kenya, kilianzisha shahada yake mwaka 2009, na Makerere, Uganda, mwaka 2014. Kwa hiyo wengi wanaohitimu hawakuti kazini mkubwa wa fani yao wa kumuuliza.

Vifaa vya kupimia si mzigo: sanduku la lenzi, taa ndogo ya kuchaji, na ubao wa herufi unaosomwa kwa mita 6. Chumba kikiwa kifupi, kioo ukutani kinaongeza umbali. Shida inakuja baada ya kupima. Lenzi hukatwa mjini, na Lubumbashi iko kilomita 120 hivi kutoka Likasi. Mtu anaweza kurudi nyumbani na karatasi tu, bila miwani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ulimwenguni ni asilimia 36 tu ya wasioona vizuri mbali kwa sababu ya kukosa miwani ndio wamepata inayowafaa.

Ndiyo maana ndoto ya duka lako mwenyewe mjini inavuta. Kodi na chakula havingoji, wala si haki kumlaumu kijana kwa hilo. Ila siku moja kwa mwezi Koni, na miwani ya kusomea iliyo tayari, ingemtosha yule mwalimu. Wanafunzi wake wangepimwa siku hiyohiyo, hata wasiojua kusoma: mtoto anaonyeshwa herufi E iliyogeuzwa, naye anaonyesha kwa kidole upande inakotazama.