Saa 26 za Mitandao, Saa 24 za Tasnifu

Mwanzoni mwa 2024, ripoti za kimataifa zilizotegemea takwimu za kampuni ya utafiti ya GWI ziliiweka Kenya kileleni mwa dunia kwa muda ambao watu hukaa kwenye mitandao ya kijamii: saa 3 na dakika 43 kwa siku. Wastani wa dunia ulikuwa saa 2 na dakika 23. Takwimu hizo zinahusu watu wa miaka 16 hadi 64 ambao tayari wanatumia intaneti, kwa hiyo hazimwelezi mfugaji wa Turkana asiye na simu janja. Anayeelezwa vyema zaidi ni mtu kama mwanafunzi wa shahada ya uzamili jijini Nairobi, mwenye simu, kipakatalishi, kazi ya mchana na tasnifu ambayo haijaisha.

Saa 3 na dakika 43 kwa siku ni saa 26 kwa wiki. Kwa mwaka zinapita 1,350, yaani siku 169 za kazi ya saa nane. Ukiuhesabu mwaka wa ajira kuwa na siku 250 hivi, basi zaidi ya theluthi mbili za mwaka huo zimo humo. Ni idadi ya kutisha, na ndiyo inayowafanya wengi waape kila muhula kwamba watazifuta Instagram na TikTok. Lakini idadi ya kutisha haimwambii mwanafunzi atapata nini akipumzika kutoka kwenye mitandao. Ili tujue hilo, lazima tuifungue wiki yake.

Tumchukue mwanafunzi wa jioni, maana hao ni wengi katika uzamili. Mchana yuko kazini. Mihadhara inaanza saa 11 na nusu jioni na kuisha saa 2 na nusu usiku. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 7 kila usiku unachukua 49. Kazi inachukua 45. Matatu, saa 2 kwa siku kwa siku 6, ni 12. Mihadhara ya jioni tatu ni 9. Kupika, kula, kuoga, kufua na kufagia, saa 3 kila siku, ni 21. Ibada na jamaa tuziwekee 8, ingawa mwenye mtoto mdogo anajua hazitoshi kamwe. Jumla ni 144. Zinabaki 24. Haya ni makadirio yangu, na msomaji abadilishe kila tarakimu kulingana na wiki yake. Sidhani kama jibu litasogea sana.

Hizo 24 ndizo za kusoma makala, kuandika pendekezo la utafiti, kufuatilia kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kukusanya data, kuichambua na kumngojea msimamizi nje ya ofisi yake. Ndizo pia za kupumzika. Na mitandao, kwa wastani wa kitaifa, inadai 26.

Kitu kinachodai saa 26 kutoka kwenye 24 hakina budi kuchota kwingine pia. Kinachota kwenye matatu, kwenye foleni ya benki, kwenye chakula cha mchana, kwenye mhadhara wenyewe, na usiku kitandani. Hapa ndipo mashauri mengi ya kuacha simu yanapoteleza: yanachukua jumla yote na kuigeuza kuwa saa za masomo. Saa moja ya video katika msongamano wa Thika Road, begi mapajani na abiria wawili wamekubana, haikuwa saa ya kuandika sura ya pili. Ukiiokoa, umeokoa bando na pengine macho, si tasnifu.

Tukadirie basi kwamba saa 10 kati ya 26 ni za safarini na kwenye foleni, na 7 ni za chakula na mapumziko ya kazini. Zinabaki 9. Hizi 9 ndizo za thamani, kwa sababu zinamegwa kutoka kwenye zile 24 na kutoka kwenye usingizi.

Saa 9 zinaweza kununua nini? Mwaka 2019 mtafiti Marc Brysbaert alikusanya tafiti 190 na kupata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya husoma wastani wa maneno 238 kwa dakika. Makala ya kitaaluma ya maneno 8,000 ingeisha kwa dakika 34. Mwanafunzi, hata hivyo, hasomi hivyo: anarudi kwenye majedwali, anaandika pembeni, anafuata rejeleo. Mpe mara tatu ya muda huo, saa 1 na dakika 40 hivi. Saa 9 ni makala tano kwa wiki. Akiandika badala ya kusoma, kwa mwendo wa maneno 250 kwa saa, ni maneno 2,250 kwa wiki na 9,000 kwa wiki nne. Hiyo ni sura nzima.

Kuna hasara nyingine ambayo saa hazionyeshi. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliwafuata wafanyakazi wa ofisini kazini mwao na kuona kwamba kazi iliyokatizwa, hata ikirudiwa siku hiyohiyo, ilichukua wastani wa zaidi ya dakika 20 kabla ya mtu kuirejea, kwa kuwa katikati huingia mambo mengine. Mwanafunzi anayeketi saa 3 usiku akiwa na saa 2 tu, akichungulia simu mara mbili kwa namna hiyo, ameshapoteza theluthi ya kikao chake. Simu haitaonyesha dakika 40. Itaonyesha dakika sita za Facebook, naye ataamini kwamba alijitahidi ila mada ni ngumu. Mimi naona hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kwa sababu inamfanya mtu mwenye uwezo ajitilie shaka.

Pesa ni hadithi fupi zaidi. Video inayopita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Kama saa zote 3 na dakika 43 zingekuwa video, ni gigabaiti 1.67 kwa siku. Kwa bando la shilingi 50 kwa gigabaiti, ni shilingi 84 kwa siku na kama 2,340 kwa wiki nne. Toa nusu kwa sababu ya maandishi, picha na Wi-Fi ya chuo: zinabaki 1,170. Kwa shilingi 10 kwa ukurasa, hizo zinachapisha rasimu ya kurasa 117 kwenye saiba. Zina manufaa, ila hakuna anayekwama kuhitimu kwa ajili yake.

Sasa swali gumu: mtu akipumzika kweli kutoka kwenye mitandao, saa zake huenda wapi? Jaribio kubwa linalojulikana lilifanyika Marekani na kuchapishwa 2020 na Hunt Allcott, Luca Braghieri, Sarah Eichmeyer na Matthew Gentzkow. Waliwasajili watumiaji 2,743 wa Facebook, na baadhi yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walilipwa dola 102 wafunge akaunti zao kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa bunge wa 2018. Waliofunga walipata kama dakika 60 kwa siku. Hali ya nafsi zao iliboreka, ingawa kidogo: kati ya robo na asilimia 40 ya nafuu inayoletwa na tiba za kisaikolojia zinazofahamika. Wiki kadhaa baada ya jaribio walikuwa bado wanatumia Facebook kwa zaidi ya asilimia 20 chini ya wenzao. Lakini sehemu ya dakika zile 60 ilikwenda kutazama televisheni peke yao, na nyingine kukaa na jamaa na marafiki. Nao walijua habari chache zaidi za nchi yao.

Matokeo hayo yanatulazimisha kukata makadirio yetu. Tuseme nusu ya saa 9 itakwenda kwenye usingizi, jamaa na televisheni. Maneno 9,000 yanakuwa 4,500. Nusu ya sura kwa wiki nne: si muujiza, lakini si kitu kidogo. Miongozo ya 2014 ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilimtaka mwanafunzi wa uzamili awe amechapisha makala moja kabla ya kuhitimu, na wa uzamivu makala mbili. Maneno 4,500 ni zaidi ya nusu ya makala ya maneno 8,000.

Na kuna njia isiyodai kufunga kila kitu. Mwaka 2018 Melissa Hunt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifanya jaribio na wanafunzi 143. Kundi moja liliwekewa dakika 10 kwa siku kwa kila mmoja wa mitandao mitatu: Facebook, Instagram na Snapchat. Baada ya wiki tatu, upweke na huzuni vilipungua katika kundi hilo kuliko kwa waliotumia kama kawaida. Dakika 30 kwa jumla, na maisha yakaendelea.

Kwa Nairobi naipendelea njia hii, kwa sababu kujitenga kabisa kuna bei yake hapa. Juni 2024, vijana walipoupinga Muswada wa Fedha, habari, uchambuzi wa vifungu na mipango ya maandamano vilipitia X na TikTok. Mwanafunzi wa sheria au uchumi aliyefunga kila kitu mwezi huo alikosa jambo linalohusu nchi yake na taaluma yake. WhatsApp nayo inabeba kikundi cha darasa, chama, harambee ya matibabu ya shangazi na watu waliokubali kuhojiwa kwa utafiti. Kuihesabu pamoja na TikTok ni kumtaka mtu awatoroke watu wake.

Hukumu yangu ni hii: chagua wiki nne za sura moja, iwe ya mapitio ya maandishi au ya matokeo, si muhula mzima. Ondoa programu za video, bakisha WhatsApp ukiwa umenyamazisha vikundi vyote isipokuwa vya darasa na nyumbani, na mjulishe msimamizi kwamba ujumbe wake utajibiwa mara mbili kwa siku. Wahadhiri nao wana sehemu yao. Tarehe ya kutetea pendekezo inapotangazwa saa 4 usiku kwenye kikundi cha WhatsApp pekee, mwanafunzi hana namna ila kuishika simu usiku kucha. Idara za uzamili zitume matangazo yote ya lazima kwa barua pepe ya chuo, saa za kazi, siku saba kabla.