Mstari Unaoonyesha Maji Yataisha Lini

Vikundi vingi Ukambani na sehemu nyingine kavu vina tangi la kuvuna maji ya mvua. Tangi likijaa mwezi wa Mei tunafurahi. Halafu Agosti limekauka, na akina mama wanarudi mtoni na punda. Je, tungeweza kujua mapema? Ndiyo. Ile grafu ya shuleni inatosha, na haihitaji mtu wa masomo mengi.

Kuchora

Tuseme tangi ni la mviringo, kuta zimesimama wima, kimo chake ni mita 2 na linabeba lita 10,000. Basi kila sentimita ya maji ni lita 50. Pimeni kwa fimbo iliyo safi.

Chukueni daftari la miraba. Chini andikeni siku, na kwenye mstari wa kusimama andikeni lita. Tukianza tarehe 15 Juni na kuchota jerikeni 10 za lita 20 kila siku, hizo ni lita 200. Wekeni nukta: siku ya 0 ni 10,000, siku ya 10 ni 8,000, siku ya 20 ni 6,000. Unganisheni nukta kwa rula na mwendelee mpaka chini. Mstari unagusa sifuri siku ya 50, yaani mwanzoni mwa Agosti. Na mvua za vuli tunazitarajia katikati ya Oktoba!

Sasa tuchote jerikeni 4 tu, lita 80. Mstari huu umelala zaidi, unafika siku ya 125. Hesabu yake ni hii:

Maji yaliyobaki = 10,000 − (80 × siku)

Ukitaja siku, unapata kiasi kimoja tu cha maji. Uhusiano wa namna hii walimu huuita fankisheni. Ile 80 ndiyo mteremko: mstari unashuka kiasi gani kwa siku moja. Mteremko ukiwa mkali, maji yanakimbia.

Mstari ukipinda

Hapa ndipo grafu inatusaidia zaidi. Siku ya 10 tulitarajia maji yawe yameshuka sentimita 16, yabaki lita 9,200. Hebu fimbo ionyeshe yameshuka sentimita 26: zimebaki 8,700. Gawanya 1,300 kwa siku 10: mteremko ni 130, si 80. Lita 50 zinapotea kila siku, na tangi litakauka mwisho wa Agosti.

Msilaumiane kwanza. Fungeni bomba, pimeni jioni na asubuhi. Maji yakishuka usiku bila mtu kuchota, tafuteni ufa au bomba linalovuja. Yasiposhuka, hesabuni jerikeni upya.

Mkitengeneza siku hiyo hiyo, bado zile lita 500 zimekwenda. Hizo ni jerikeni 25. Basi kwa siku 25 choteni tatu badala ya nne, na mtafika siku ya 125.

Ya kujadili kikundini

1. Tangi letu lina lita ngapi kwa kila sentimita?
2. Nani atapima kila Jumatatu, na grafu itabandikwa wapi wote waione?
3. Maji yaliyo chini ya bomba hayatoki. Tuyatoe kiasi gani katika hesabu yetu?