Jembe Zito, Malipo ya Mbali

Sauti zimenyamaza, usingizi umerudi, na sindano ya kila mwezi hairukwi. Hata hivyo kijana anashinda kwenye mkeka, hajaoga wala hajagusa jembe. Katika kaya nyingi, za Butiama zikiwamo, hapo ndipo subira huisha: amepona, sasa anadeka.

Sayansi inaona jambo jingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba skizofrenia, ugonjwa wa kijana huyu, humpata takriban mtu 1 kati ya 300, na una sura mbili kubwa. Ya kwanza ni kusikia sauti zisizo na msemaji na kuamini kwamba unawindwa. Hiyo dawa huituliza vizuri zaidi. Ya pili ni kupungukiwa: maneno machache, uso usioonyesha hisia, ari iliyofifia. Hii dawa haiifikii sana, na mara nyingi ndiyo inayomzuia mtu kurudi kazini.

Mwaka 2013 James Gold na wenzake wa Maryland, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Mshiriki alichagua: abofye kitufe mara 20 apate dola 1, au mara 100 apate dola 3 hadi 7. Malipo yalipokuwa manono na ya uhakika, wasio na ugonjwa waliikimbilia kazi ngumu. Wagonjwa waliichagua mara chache zaidi, hasa wale ambao ari yao ilikuwa imefifia sana. Tafiti nyingine zinaonyesha kwamba kitu kizuri kikishafika mkononi, wengi wao hukifurahia kama mtu mwingine. Kilicholegea ni hesabu ya kabla ya kazi: je, jasho hili lina faida? Hesabu hiyo hutegemea sana dopamini, kemikali ya ubongo inayosukuma mtu kufuata anachokitaka.

Basi kuongeza ukubwa wa ahadi hakusaidii sana; afadhali kupunguza jasho na kusogeza malipo karibu. Pamba ya Bunda hupandwa, hupaliliwa, hupuliziwa dawa na kuchumwa kwa miezi kadhaa kabla ya shilingi ya kwanza. Dagaa wa Musoma huanikwa mwaloni asubuhi, na jua likiwa kali hukauka siku hiyohiyo. Kibarua aweza kulipwa kabla ya giza. Kwa ari iliyofifia, kazi ya pili ni mlango mwepesi zaidi.

Mwenye shamba tu naye ana njia: tuta moja badala ya ekari, saa ileile kila siku, ndugu mmoja akilima kando ya kijana, na malipo au shukrani papo hapo. Tuta likizoeleka, ndipo liongezwe la pili. Kumkaripia hakuongezi nguvu. Kaya zenye lawama nyingi ndizo ambako ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi.

Tanzania haianzi sifuri. Hospitali ya Lutindi, Korogwe, imepokea wagonjwa wa akili tangu 1904, na kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya tiba. Baada ya uhuru vikaja vijiji vya utengamao kama Vikuruti, Dar es Salaam.

Lakini si kila uzito ni wa ari. Haloperidoli, mojawapo ya dawa za ugonjwa huu, yaweza kukakamaza viungo, na dawa nyingine huleta usingizi. Familia isikatize dozi. Iende kliniki na maelezo kamili: wiki hii amefanya kazi gani, kwa dakika ngapi, nani alikuwa naye, na kama amekakamaa au kusinzia. Majibu hayo yatamsaidia mhudumu kujua cha kupunguza: dawa, au ukubwa wa kazi.