Kompyuta ya ofisi haiwaki baada ya kupigwa Windows mpya? Kumbukumbu huenda bado zipo

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo endeshi ambao ofisi nyingi bado zinautumia. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kufanya kazi, ila hazipati tena marekebisho ya usalama kama zamani. Ndiyo maana ofisi yenye kompyuta ya namna hiyo, iwe Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo, inashauriwa kupiga Windows mpya, au kuhamia Linux ambayo haina malipo ya leseni.

Mara nyingi kazi hiyo huisha salama. Sisi leo tunazungumzia siku ambayo haikuisha salama. Umeme umekatika katikati ya kazi, au kwenye kioo fundi amechagua mstari usio wenyewe. Kompyuta ikiwashwa inasema haioni mfumo wowote. Diski ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine inaonekana tupu, kama imetoka dukani jana. Na humo ndani kulikuwa na orodha ya wanachama wa chama cha msingi, kilo za kahawa za kila mkulima, malipo ya awali na madai ya malipo ya pili. Kompyuta kama hiyo, inayotunza kumbukumbu na kuzigawa kwa kompyuta nyingine za ofisi, ndiyo inayoitwa seva, hata kama ni mashine ya zamani iliyofunikwa kitambaa mezani kwa katibu.

Ndugu msikilizaji, tupu inayoonekana pale si lazima iwe tupu ya kweli. Tukumbuke mwaka 2012, Wilaya ya Karagwe ilipogawanywa na Kyerwa ikawa wilaya inayojitegemea. Siku ile hakuna kibanja kilichosogea. Mgomba uliokuwa Nkwenda ulibaki Nkwenda. Kilichobadilika kilikuwa ramani: mstari ulichorwa, na kila upande ukapewa jina lake na ofisi yake. Diski ya kompyuta hugawanywa hivyo hivyo. Ni diski moja, lakini imechorewa mipaka: sehemu hii ya mfumo endeshi, ile ya kumbukumbu za ofisi, na nyingine ndogo ya dharura. Mafundi huziita patisheni. Mwanzoni kabisa mwa diski huandikwa ramani fupi inayosema kila patisheni inaanzia wapi na inaishia wapi.

Ufupi wa ramani hiyo unashangaza. Kwa mpangilio wa zamani, unaoitwa MBR, ni baiti 64 tu, yaani nafasi ya herufi 64. Ujumbe mmoja wa SMS huchukua herufi 160. Kwa hiyo maandishi yasiyofika nusu ya SMS yakiharibika, diski yenye kumbukumbu za miaka kumi huonekana haina kitu. Mpangilio mpya, GPT, una busara zaidi: huweka nakala ya pili ya ramani mwishoni mwa diski, kama mtu anayeacha hati moja nyumbani na nyingine kwa shemeji.

Ramani ikipotea, vibanja bado vipo. Kinachoviharibu ni kile kinachofanywa baada ya hapo. Kompyuta hutazama diski isiyo na ramani kama pori lisilo na mwenyewe. Ukiipa kazi ya kuandika, itaandika popote, pamoja na juu ya majina ya wanachama wako, na kilichoandikiwa juu hakirudi, hata fundi awe hodari namna gani. Sentensi ya kuogopa, basi, ni ile tuliyoizoea madukani: "Tuifomati tupige Windows upya, itakaa sawa." Itakaa sawa kweli, na itawaka vizuri. Ila itakuwa imejengwa juu ya daftari lenu.

Kwa hiyo, mwenyekiti au katibu ukikutwa na jambo hili, zima kompyuta na uchomoe waya. Usiijaribu mara tano kuona kama itaamka. Usikubali inapokuuliza kama irekebishe au ifomati diski. Andika kwenye karatasi kilichofanyika kwa mpangilio wake: nani alikuwa anapiga mfumo gani, ilifika wapi, umeme ulikatika lini, kioo kiliandika nini. Simu yako inatosha kupiga picha ya kioo. Fundi mzuri atafurahia karatasi hiyo kuliko soda.

Kisha muulize fundi swali moja kabla hajagusa kitu: "Utaanza kwa kunakili diski nzima?" Akisema hakuna haja, tafuta mwingine. Tunajua si rahisi kumwambia mtu hivyo ukiwa umepanda pikipiki kutoka Kaisho na kompyuta kwenye mfuko wa mbolea, lakini hapa ndipo kumbukumbu huokolewa au hupotea. Nakala hiyo si ya kubofya mafaili na kuyahamisha, kwa sababu mafaili hayaonekani. Ni ya kuhamisha kila baiti kama ilivyo, kwenda kwenye diski nyingine yenye ukubwa ule ule au zaidi. Kwa diski ya GB 500 kwenye kompyuta ya zamani, kazi hiyo inaweza kuchukua muda wa saa 4 au 5, hivyo iandaliwe siku yenye umeme wa uhakika au jenereta yenye mafuta. Baada ya hapo diski halisi huwekwa kando, na majaribio yote hufanyika kwenye nakala. Jaribio likiharibika, unanakili tena.

Kurudisha ramani yenyewe kuna programu zake. Inayojulikana sana ni TestDisk, ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu 1998. Inavyofanya kazi ni kama mpima ardhi aliyenyang'anywa ramani. Anatembea shamba zima akitafuta alama za mpaka. Kila patisheni huanza na alama yake ya utambulisho, na mifumo mingi huweka nakala ya alama hiyo mahali pengine ndani ya patisheni hiyo hiyo. Programu ikikuta alama hizo inakadiria: hapa palikuwa na patisheni, ilianzia hapa, iliishia pale. Inaweza pia kukuonyesha majina ya mafaili yaliyomo kabla ya kuandika chochote. Ukiona majina ya wanachama yako pale, ndipo fundi anaandika ramani mpya. Asikimbilie kuandika kabla ya kuona.

Ramani ikishindikana kabisa, ipo njia ya pili: kuokota faili moja moja. PhotoRec, ndugu yake TestDisk, hufanya hivyo. Ubaya wake ni kwamba mafaili hurudi bila majina yake na bila folda zake. Ni kama kahawa ya wakulima wote iliyomwagwa kwenye turubai moja. Ipo, lakini nani alileta ipi? Mtu atakaa siku nyingi akifungua faili baada ya faili.

Kuna mahali ambapo matumaini ni madogo, na ni haki kusema. Diski ikitoa mlio wa kugonga, hilo ni tatizo la chuma, na kuiwasha tena ni kuiongezea ugonjwa. Diski za kisasa za SSD zikifomatiwa mara nyingi hufuta zenyewe yaliyokuwemo, kwa hiyo kufomati huko ni kubaya zaidi kuliko kwenye diski ya zamani inayozunguka. Kompyuta nyingi za Windows 11 nazo hufunga diski kwa siri ya BitLocker. Bila ufunguo wake wa tarakimu 48, hata ramani ikirudi, ndani hapasomeki. Ufunguo huo unakiliwe kwenye karatasi na kutunzwa kwenye kabati kabla ya fundi kuja. Seva ikiwa na diski zaidi ya moja zinazofanya kazi pamoja, ziandikwe namba kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kuchomolewa, maana mpangilio wake ukipotea kazi inakuwa ngumu mara mbili.

Na si kila kompyuta iliyogoma imepoteza kitu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizimisha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikakwama na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Kumbukumbu za watu hazikuguswa. Dawa yake ilikuwa kuondoa faili moja mbovu. Aliyekimbilia kufomati siku ile alifuta kwa mkono wake kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Jambo jingine ambalo viongozi wa vyama husahau: diski unayompa fundi ina namba za simu na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka taasisi inayotunza taarifa za watu izilinde. Kazi ifanyike mbele ya mtu wa ofisi, na nakala aliyoitengeneza fundi irudi ofisini, isibaki dukani.

Kuhusu nakala ya akiba, kila mtu anajua iwepo. Wachache huifungua kuona kama inasomeka. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza kazi za waandika programu wa dunia nzima, ilifuta kwa bahati mbaya kumbukumbu za seva yake kuu. Walikuwa na njia tano za kuweka akiba, na hakuna hata moja iliyowasaidia ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi mmoja alikuwa ameichukua saa sita kabla ya ajali.

Kwa ofisi ya kijijini, diski ya nje moja inatosha kuanzia. Nakili kila wiki wakati wa msimu wa kahawa, ichomoe ukimaliza, na uitunze nyumba nyingine, si juu ya kompyuta hiyo hiyo. Mara moja kwa mwezi ichomeke kwenye kompyuta ya jirani, ufungue orodha ya wanachama, utafute jina lako mwenyewe na kilo zako za msimu uliopita.