MANAHODHA WENGI, CHOMBO KIMOJA: NANI HULINDA BAHARI KUU?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika makala haya ninataka tuitazame bahari kuu, yaani ile sehemu ya bahari isiyo mali ya nchi yoyote, tujiulize: ikiwa ina mikataba mingi hivi, mbona ulinzi wake una mapengo? Najua wako watakaosema, "Sisi ni watu wa Embu na Meru. Tunalima kahawa, majani chai na miraa. Bahari inatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, nami nitalijibu kabla sijaweka kalamu chini.

Bahari kuu ni ipi?

Nchi yenye pwani kama Kenya ina mamlaka kamili juu ya maji yake hadi maili 12 za baharini. Kutoka hapo hadi maili 200 ni ukanda wa kiuchumi. Humo meli za nchi zote zaweza kupita, lakini samaki na mali nyingine ni za nchi yenye pwani. Maili 200 za baharini ni kama kilomita 370, karibu mara tatu ya safari ya kutoka Embu hadi Nairobi.

Tena tusisahau kujivunia jambo hili. Wazo la ukanda huo lilitetewa na Mkenya, wakili Frank Njenga, na mwaka 1972 Kenya ikaliwasilisha mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Baadaye liliingizwa katika Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa sahihi Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, ukaanza kutumika mwaka 1994.

Ukishavuka maili 200, sasa umeingia bahari kuu. Usidhani ni kisehemu kidogo. Ni karibu thuluthi mbili za bahari yote duniani! Huko meli hufuata sheria za nchi ambayo bendera yake inapepea mlingotini. Nchi hiyo ikilegea, nahodha naye hulegea.

Kila ofisi na kazi yake

Si kwamba dunia ilikaa bure. Mikataba ipo, tena mingi. Hebu tuihesabu michache:

1. Samaki aina ya jodari katika Bahari ya Hindi husimamiwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Ushelisheli.
2. Madini ya sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi yana Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyoko Kingston, Jamaika.
3. Meli na uchafu wake zina Shirika la Kimataifa la Bahari, lililoko London.
4. Biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini ina mkataba wa CITES wa mwaka 1973, ambao ofisi yake iko Geneva. Huu tunaufahamu kwa sababu ya pembe za ndovu.
5. Wanyama wanaohamahama, kama kasa na nyangumi, wana mkataba wa Bonn wa mwaka 1979.
6. Bayoanuwai kwa jumla, yaani viumbe wa kila namna na makazi yao, ina mkataba ambao maneno yake yalikubaliwa hapa Nairobi mwezi Mei 1992, kisha ukafunguliwa kwa sahihi mjini Rio de Janeiro.
7. Pwani yetu nayo ina Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985, unaoziunganisha nchi kumi kutoka Somalia hadi Afrika Kusini, pamoja na visiwa.

Umeona? Mmoja anamwangalia samaki, mwingine meli, mwingine madini. Lakini kasa hajui habari za ofisi. Huyo huyo anayetaga mayai katika mchanga wa Watamu aweza kuogelea mpaka bahari kuu, akanaswa na wavu wa meli ya jodari au akameza mfuko wa plastiki. Je, ni ofisi gani itakayojibu?

Mfano wa Saya de Malha

Ili jambo hili lieleweke, twende mahali panapoitwa Saya de Malha. Ni jukwaa kubwa lililo chini ya maji kati ya Ushelisheli na Morisi. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 40,000. Ukizichukua kaunti za Meru na Embu ukaziunganisha, zingeingia humo karibu mara nne. Juu ya jukwaa hilo pameota nyasi za baharini, mojawapo ya mbuga kubwa kabisa za nyasi hizo duniani. Nyasi hizo huficha samaki wachanga na kuhifadhi hewa ya kaboni.

Sasa mwenyewe ni nani? Hapa ndipo kichwa huuma. Sakafu yake husimamiwa na Ushelisheli na Morisi kwa pamoja, kwa mapatano ya mwaka 2012. Lakini maji yaliyo juu ya sakafu hiyo hiyo ni bahari kuu! Jodari wanaopita humo ni wa tume ya Victoria. Samaki wengine wana mkataba wao, ule wa uvuvi wa kusini mwa Bahari ya Hindi. Meli zinazopita ni kazi ya London. Ni kama shamba ambalo udongo ni wa ndugu wawili, mahindi yanasimamiwa na chama kimoja, maharagwe na chama kingine, na njia inayopita katikati ni ya watu wote. Mmoja akipanga kupumzisha shamba na mwingine akaleta jembe, shamba halijapumzika.

Mkataba mpya wa mwaka 2023

Baada ya mazungumzo ya karibu miaka ishirini, usiku wa tarehe 4 Machi 2023 huko New York, mwenyekiti wa mkutano, Bi. Rena Lee wa Singapore, alitangaza kwamba meli imefika ufukoni. Mkataba wa bayoanuwai ya bahari kuu ulipitishwa rasmi tarehe 19 Juni 2023. Ulihitaji nchi 60 kuuridhia. Idadi hiyo ilitimia Septemba 2025, na tarehe 17 Januari 2026 ukaanza kuwa sheria. Jirani yetu Ushelisheli alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuuridhia.

Mkataba huu una mambo makuu manne. Kwanza, unaruhusu kutenga hifadhi katika bahari kuu. Pili, anayetaka kufanya shughuli inayoweza kudhuru bahari hiyo sharti kwanza achunguze madhara yake. Tatu, faida itokanayo na chembe za urithi za viumbe wa huko, kwa mfano dawa, igawanywe kwa haki. Nne, nchi zinazoendelea zisaidiwe kwa mafunzo na vifaa. Hapa mimi nilifurahi, maana meli ya utafiti ni ghali, na asiye na meli atajuaje kilichoko huko?

Lakini mkataba huu haukuja kuzifunga zile ofisi nyingine. Umeandikwa wazi kwamba usizidhoofishe. Ukitenga hifadhi, hauwezi wenyewe kuiamrisha tume ya jodari iwafukuze wavuvi. Unaweza kushauriana nayo na kupendekeza. Wengine wanasema huo ni udhaifu. Wengine wanasema ni busara, kwa kuwa ofisi hizo zina ujuzi wa miaka mingi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina ukweli. Mgeni hawezi kuingia boma akaanza kuwapangia wazee viti. Lakini pia haifai akae kimya huku nyumba ikiungua.

Yaliyotokea Mombasa

Ugumu wenyewe ulionekana hapa kwetu. Meli kubwa za jodari hutumia chelezo zinazoelea baharini ili samaki wakusanyike chini yake. Shida ni kwamba chelezo hizo hukusanya hata jodari wachanga, na zikipotea huwa takataka juu ya matumbawe. Februari 2023 wanachama wa tume ya jodari walikutana Mombasa, wakapiga kura kwamba matumizi ya chelezo hizo yasimamishwe siku 72 kila mwaka. Miezi michache haikupita, Umoja wa Ulaya, wenye meli kubwa huku kwetu, ukaweka pingamizi. Kwa kanuni za tume, anayepinga kwa wakati hafungwi na uamuzi.

Tazama basi. Mwezi huo wa Februari nchi hizo hizo zilikuwa zikijadiliana New York kuhusu kuilinda bahari kuu! Hili linatufunza kwamba kazi ya kuunganisha mikataba huanzia nyumbani. Kwa kawaida nchi hutuma watu wa uvuvi katika mkutano mmoja, watu wa mazingira katika mwingine, na watu wa biashara katika mwingine. Kama hawa hawakuketi pamoja kabla ya kupanda ndege, nchi moja itasema maneno matatu. Kenya iliridhia mapatano ya kupunguza ruzuku mbaya za uvuvi, ikawa kati ya nchi nne zilizokamilisha idadi tarehe 15 Septemba 2025. Vizuri sana. Sasa ahadi hiyo, ya jodari na ya hifadhi ziwe lugha moja.

Ndovu wetu wametangulia

Mkidhani jambo hili haliwezekani, tazameni ndovu wa Mlima Kenya. Tangu mwaka 2011 wao hupita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru ili wafike Lewa na kurudi. Ili njia ile ipatikane, ilibidi watu wa msitu, wa wanyamapori, wenye mashamba na wa barabara wakubaliane. Kila mmoja alibaki na kazi yake, lakini ndovu alipata njia moja. Kasa na nyangumi nao wanataka hivyo hivyo.

Bahari inatuhusu nini?

Sasa jibu nililoahidi. Mvua zetu hutoka wapi kama si Bahari ya Hindi? Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya upande wetu wa bahari hiyo yalipata joto kuliko kawaida, na mvua za Oktoba hadi Desemba zikafurika. Pili, Kathita ya Meru, Thuci na Rupingazi zote huishia Mto Tana, na Tana huingia baharini karibu na Kipini. Chupa unayotupa mtaroni leo haina pasipoti, wala haitasimama kwenye maili 200. Tatu, bahari kuu ni mali ya wanadamu wote, na sisi wa milimani tumo. Mwenye mali asiyeuliza habari za mali yake huibiwa akiwa macho.

Shime basi, wanafunzi wenzangu! Katika mijadala yetu na katika vilabu vya mazingira tuulize: serikali yetu imesema nini Victoria, na imesema nini New York, na je, maneno hayo yanafanana? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa bahari hakuna fundi awezaye kuujenga.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu