Bima ya Nyumba Itoshe Kujenga Tena

Wako wakulima wa skimu wenye nyumba ya kupangisha Likoni, Kisauni au Changamwe katika desturi ya nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, ardhi ina mwenyewe, nawe unamlipa kodi. Nyumba ikiungua, mwenye ardhi bado ana ardhi yake. Wewe una majivu. Kwa hiyo yafaa kukata bima.

Lakini bima kidogo ni hasara. Tuseme kuijenga upya ni shilingi 800,000, nawe umekata bima ya 400,000 ili upunguze malipo ya mwaka. Moto ukila paa na jiko, hasara ya 200,000, utalipwa 100,000 tu. Mikataba ya bima ya nyumba huwa na sharti hilo: aliyekata nusu hulipwa nusu.

Basi usitaje bei uliyojengea zamani. Mwite fundi akuhesabie bei za leo: mawe, boriti, mabati, saruji, ujira na kuondoa kifusi. Ardhi usiihesabu, haiungui. Hesabu hiyo irudiwe kila mwaka.

Kama paa ni la makuti, sema kweli. Uliza pia kama watalipa gharama ya nyumba mpya au watakata uchakavu. Hakikisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Mwisho, pata ruhusa ya mwenye ardhi ya kujenga tena, kwa maandishi. Fedha bila ruhusa haziinui ukuta.